Kumsitiri Ndugu na Kumlinda Mgonjwa

Katika barua zilizotufikia mwaka huu imo moja tuliyoisoma darsani nyusiku tatu mbalimbali, na usiku wa kwanza hatukuweza kuijibu. Mwandishi wake ni kijana wa pwani hii asomaye udaktari, naye yuko mwaka wa nne katika miaka sita ya masomo hayo. Jina lake hatulitaji, wala mji wake, wala chuo chake, wala hospitali anamofundishwa. Na mambo mawili matatu yasiyogeuza hukumu tumeyabadilisha ili msomaji asipate njia ya kukisia. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kulijibu suala lake hapa, kwani ajua kuwa si suala lake peke yake.

Barua yasema hivi kwa mukhtasari. Kijana huyu anaye mwenzake aliyetoka naye mji mmoja, wakasoma pamoja tangu chuo cha Kurani, na leo walala chumba kimoja. Mwenzake ni mpole, mtu wa sala tano, na kila senti aipatayo humpelekea mamake, mjane aliyewalea watoto wanne kwa kuuza mahamri. Lakini tangu walipoanza kuingia wodini amemwona akifanya jambo linalomkosesha usingizi. Wanafunzi hutumwa kuwapima wagonjwa presha ya damu. Naye mwenzake hufunga kitambaa mkononi mwa mgonjwa, akakijaza upepo, akautoa upesi, kisha akaandika nambari ambayo hakuipata popote. Siku moja aliandika 120 kwa 80 katika karatasi ya mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Muda si muda mwanamke yule akalalamika kichwa, na macho yake yakaona ukungu. Muuguzi wa zamu alipompima akakuta 170 kwa 110. Akatibiwa usiku ule ule, akaokoka yeye na mtoto wake, na watu wa wodini wakadhani kuwa presha ilimpanda ghafula. Kijana wetu alikuwa amesimama pale, naye alijua kuwa haikupanda ghafula. Akanyamaza.

Kisha atuuliza: “Je, masheikh zangu, niendelee kunyamaza kwa kuwa nimeamrishwa kumsitiri ndugu yangu? Au niseme, nami naogopa kuwa msengenyaji na mkata riziki ya mayatima?”

Huenda msomaji asiyeijua kazi hii akauliza: nambari mbili zina nini hata zimkoseshe mtu usingizi? Presha hupimwa kwa kufunga kitambaa juu ya kiwiko na kukijaza upepo hata damu isimame mshipani; kisha upepo huachiwa pole pole, na mpimaji ameweka chombo cha kusikilizia juu ya mshipa. Pigo la kwanza alisikialo ndilo nambari ya juu. Pale mapigo yapoteapo ndipo nambari ya chini. Njia hii ilielezwa na daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkoff, mwaka 1905, na hata leo, ijapokuwa mashine zimeenea, mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kupima kwa sikio lake. Kwa mwanamke ambaye mimba yake imepita wiki 20, 140 kwa 90 ni alama ya kuangaliwa kwa karibu; na 160 kwa 110 ni hatari ya kutibiwa mara moja, kwani huenda ikafuatwa na kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Basi aliyeandika 120 kwa 80 bila ya kusikia kitu, amemwambia kila atakayeisoma karatasi ile: pita, hapa pana amani.

Usiku wa kwanza darsa yetu iligawanyika. Mzee mmoja katika sisi alisema kuwa aibu ya Mwislamu ni tupu yake, na kwamba kijana anyamaze, amwombee mwenzake dua na amnasihi kwa siri. Akaongeza neno ambalo wengi walilitikia kwa vichwa: kwamba watu wa pwani tuna madaktari wachache wa kwetu, na tukianza kuwapunguza wenyewe kabla hawajatoka chuoni, tutakuwa tunakata tawi tulilokalia. Mwingine, ambaye binti yake alikuwa amejifungua mwezi ule, hakusema maneno mengi. Aliuliza tu: “Na lau mwanamke yule angekuwa binti yangu, mngeniambia nini?” Tukaondoka bila ya jawabu.

Tuanze na sitara, kwani ndiyo hoja nzito. Hapana shaka kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kumsitiri Mwislamu, na ametuahidi kwa hilo kusitiriwa na Mwenyezi Mungu duniani na akhera. Lakini ni aibu gani isitiriwayo? Ni ile ambayo mtu amemkosea nayo Mola wake, ikaishia kwake mwenyewe, naye yatarajiwa atatubia. Aliyemwona jirani yake katika dhambi ya namna hiyo akapita akafumba macho, amefanya wema. Lakini aliyemwona jirani yake akitia uchafu katika kisima cha mtaa, akanyamaza, hakumsitiri jirani. Amewanywesha watu wa mtaa. Sitara imewekwa kumkinga mwenye kosa asifedheheke, haikuwekwa kuwafumba macho wale ambao kosa lile litawaangukia.

Na mgonjwa ni mtu anywaye katika kisima asichoweza kuchungulia ndani. Mnunuzi wa kikoi hukishika, akakivuta, akakitazama mwangani. Akidanganywa, sehemu ya lawama ni yake. Mgonjwa hana la kuvuta wala la kutazama. Amenyosha mkono, akafungwa kitambaa, akaamini. Kwa sababu hiyo imepokewa katika Sunan ya Abu Daud hadithi ambayo wanazuoni wamejenga juu yake hukumu kwamba ajifanyaye tabibu na hali hakujulikana kwa utabibu, akadhuru, ni mwenye kudhamini alichodhuru. Nia yake njema haimwondolei dhamana. Basi ikiwa mwenye kudhuru kwa kutojua yuko katika dhamana, ajuaye kuwa yule hajui, akamwacha aendelee, atajiweka wapi?

Ama ghiba, ni haramu iliyo wazi, wala hatuipunguzi. Lakini maulamaa hawakutuacha gizani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameyataja katika Riyadhus-Salihin mambo sita ambayo kwa ajili yake huruhusiwa kumtaja mtu kwa lile asilolipenda. Na katika hayo ni kutaka msaada wa kuondoa ubaya kwa yule awezaye kuuondoa, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Maana yake ni kwamba ruhusa hii ina mipaka. Neno lipelekwe kwa mwenye uwezo wa kutengeneza, na liwe kwa kadiri ya haja. Neno lile lile likisemwa mbele ya mwalimu wa wodi ni nasiha, na likisemwa barazani baada ya isha, juu ya kahawa na tende, ni nyama ya ndugu.

Na lau kunyamaza juu ya udhaifu wa watu wema kungekuwa ndio uchaji Mungu, leo tusingeweza kuitenga hadithi sahihi na iliyo dhaifu. Wanazuoni wa hadithi waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja: huyu ni mkweli lakini hafadhi yake mbovu, huyu alichanganyikiwa uzeeni, yule apokea asiyoyasikia. Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 wa Hijra, aliulizwa juu ya upokezi wa babake mwenyewe. Akawaambia wamuulize mtu mwingine. Walipomrudia aliinamisha kichwa, kisha akajibu kuwa jambo hili ni la dini, na kwamba babake ni dhaifu. Tutazame adabu iliyomo humu. Kwanza alitamani mwingine aibebe kazi ile, hakukimbilia kusema. Na aliposema hakumvua babake wema wake. Alisema tu kwamba katika kazi hii hategemewi. Wakiwa wazee wetu walifanya hivi ili kuyalinda maneno ya Mtume wao, sisi tutashindwaje kuulinda uhai wa mama aliyelala kitandani, na hali kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia?

Hata hapa, lakini, tulisita, na ni lazima kusita. Dhana si hukumu. Kijana wetu aliona mkono ukiandika. Hakuona kilichomo moyoni mwa mwandishi. Mtu afanyaye kazi vibaya huwa katika hali moja ya tatu: ama hajui, ama hawezi, ama hajali. Asiyejua hufundishwa. Asiyeweza hutibiwa, au hutafutiwa chombo cha kumsaidia, au huonyeshwa kazi nyingine katika kazi nyingi za kheri. Asiyejali ndiye wa kuogopwa. Na kwa nje watatu hawa hufanana kama ndugu.

Jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu wa zama zetu. Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake walichapisha katika jarida liitwalo New England Journal of Medicine utafiti juu ya madaktari 235 wa Marekani waliotiwa adabu na mabaraza ya kazi yao, wakawalinganisha na 469 waliosoma katika vyuo hivyo hivyo bila ya kutiwa adabu baadaye. Walifungua majalada yao ya siku za uanafunzi. Wakaona kwamba waliotiwa adabu walikuwa wameonywa juu ya mwenendo wao chuoni zaidi kuliko wenzao. Na alama zilizokuwa na uzito mkubwa ni kutotimiza wajibu kulikokithiri, na kutokubali kurekebishwa. Alama za mitihani hazikuwa na uzito wa kadiri hiyo. Lakini insafu yatutaka tuseme nusu ya pili: wako waliokuwa na maonyo majaladani na hawakuja kutiwa adabu. Onyo la chuoni si kitabu cha majaaliwa. Ni mlango uliofunguliwa mapema, na atakaye kutengenea hupita humo.

Basi jawabu tuliyomwandikia kijana wetu baada ya usiku wa pili ilikuwa na mambo manne.

La kwanza, aanze na nafsi yake. Je, wanashindania nafasi, au sifa, au mapenzi ya walimu? Je, atafurahi kwa siri mwenzake akianguka? Ikiwa yumo hata punje ya hasadi, haimwondolei wajibu wa kusema, kwani ukweli haugeuki uongo kwa ubaya wa msemaji. Lakini yamlazimu asitie neno moja juu ya aliyoyaona kwa macho yake. Tarehe, mgonjwa, nambari, basi. Asiseme “ni mwongo.” Aseme “nimeona hivi.”

La pili, aende kwanza kwa mwenziwe mwenyewe, faraghani, wala asiende kwa mafumbo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu hata akiwa ndiye mwenye kudhulumu, na kwamba nusura yake ni kumshika mkono asidhulumu. Huwezi kumshika mtu mkono na hali umempa mgongo.

La tatu, mpaka jambo litengenee, kila mgonjwa atakayepimwa na mwenziwe ampime yeye mara ya pili. Mgonjwa wa leo hangojei mashauri yetu kwisha.

La nne, mwenziwe akikataa, au akiahidi na asitimize, aende kwa mwalimu mwenye dhamana yao wodini. Asiende kwa mjomba, wala kwa imamu, wala kwa wazee wa mji. Sisi wenyewe, pamoja na heshima aliyotupa, hatujui kupima presha. Na asiyejua kazi hawezi kumhukumu mtenda kazi.

Wala hatukumficha kwamba kusema kuna gharama yake. Huko Bristol, Uingereza, daktari wa nusukaputi, Stephen Bolsin, aliona kuwa watoto waliopasuliwa moyo hospitalini kwake walikuwa wakifa kuliko ilivyopasa. Tangu mwaka 1990 akaanza kuwaeleza wakubwa wake, na kwa miaka hakusikilizwa. Mwaka 1996 alikwishahamia Australia kutafuta kazi. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake mwaka 2001, ilisema kuwa kati ya 1991 na 1995 walikufa pale watoto wa chini ya mwaka mmoja 30 mpaka 35 zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa. Waliowapasua hawakuwa watu waovu, na walifanya kazi kwa bidii. Lakini karibu yao walikuwako watu wengi walioona, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutazama pembeni. Nasi twaamini kwamba sababu hizo zingetafsiriwa kwa Kiswahili zingekuwa ni zile zile tulizozisikia darsani usiku wa kwanza.

Baada ya siku kumi na tatu ilitufikia barua ya pili, nayo ndiyo iliyotufunza zaidi kuliko vitabu tulivyovifungua.

Kijana wetu alimwendea mwenziwe, wakakaa kitandani mwao, akamweleza alichokiona. Mwenziwe hakukasirika. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema kwamba hasikii. Alipokuwa mdogo masikio yake yote mawili yalitoka usaha kwa miaka mingi, yakatiwa mafuta ya moto na maji ya majani, yakakauka. Maneno ya watu huyasikia kwa kusogea karibu na kutazama midomo. Lakini mapigo yale madogo ya mshipani hakuwahi kuyasikia hata siku moja. Siku ya somo la kwanza mwalimu aliuliza: “Nyote mmesikia?” Wenzake wakatikia kwa vichwa, naye akatikia. Tangu siku ile akawa mfungwa wa kichwa chake kilichotikia. Sasa amwomba mwenziwe jambo moja: amsitiri mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka upite, kisha atajua la kufanya.

Na kijana wetu atuuliza tena: “Nilidhani ni mzembe, kumbe ni mgonjwa. Je, sasa si haki yangu kumhurumia?”

Tulipoisoma barua hii yule mzee aliyetaka sitara alilia, na yule mwenye binti akainamisha kichwa. Dhana yetu sote ilikuwa imekosea. Tulimweka kijana yule katika fungu la wasiojali, naye alikuwa katika fungu la wasioweza. Hapa ndipo tulipoiona hekima ya kumwendea mtu kwanza. Lau kijana wetu angelipeleka neno barazani, mji mzima ungelimwita mwenziwe mwongo, na hapana ambaye angelijua habari ya masikio.

Hata hivyo hatukubadilisha jawabu. Twamhurumia kwa masikio yake, wala hana dhambi kwayo. Lakini masikio hayakuandika 120 kwa 80. Mkono ndio ulioandika, na mkono wake ni mzima.

Iko hadithi ya Baghdad inayotufaa hapa. Mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, ilimfikia Khalifa al-Muqtadir habari ya mtu aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha kwamba asitibu mtu yeyote mjini mpaka atahiniwe na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit bin Qurra. Wakatahiniwa watu 860 na zaidi. Akaja mbele ya Sinan mzee mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan akamheshimu, akamtaka amfaidishe kwa ilimu yake na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa dinari, akaziweka mbele yake, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika sawasawa, na kwamba ana watu wa kuwalisha. Akamwomba asimkatie riziki. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimwendee mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asitoe ushauri wa kutoa damu au wa dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa ndiyo dasturi yake siku zote.

Tusizisifu dinari zile. Lakini tutazame ni kitu gani kilichomwezesha Sinan kumwekea mzee yule mpaka. Ni kukiri kwake. Mtu asemaye “hapa ndipo ujuzi wangu uishiapo” aweza kuwekewa uzio mahali pale, na wagonjwa wakawa salama upande wa pili. Mtu afichaye mahali pake pa kuishia hana pa kuwekewa uzio. Hatari yake imeenea kote. Kutosikia hakumharibii mtu udaktari. Wako leo Marekani na Uingereza madaktari wenye upungufu wa kusikia, wanaotumia vyombo vya kusikilizia vyenye kukuza sauti, na mashine za kupima presha zisizohitaji sikio. Linaloharibu ni kuandika ambacho hukukisikia, na kukiandika kwa wino wa yakini.

Na sasa twageukia kwenu, ndugu zetu wa miji ya pwani, na kwetu sisi wenyewe, kwani katika kosa la kijana huyu tunayo sehemu yetu. Jina la chuo lilipotoka gazetini tulimfanyia nini? Tulimfanyia harambee. Tulisomesha maulidi. Tukamwita Daktari kabla hajafungua kitabu cha kwanza. Akirudi likizoni twampelekea watoto wenye homa na wazee wenye presha, naye ni mwanafunzi wa miaka ishirini. Je, mtu aliyekwisha kuitwa Daktari na mji mzima ataweza vipi kusimama mbele ya mwalimu akasema, “Mimi sikusikia”? Tulimpa karo, na hilo ni jambo la thawabu. Lakini pamoja na karo tulimtwika fahari yetu, na fahari ile ndiyo iliyoziba masikio yake mara ya pili. Mwanafunzi ahitaji ruhusa ya kutojua. Nasi tumekuwa mabakhili wa ruhusa hiyo, na hali haitugharimu shilingi.

Ama hoja ya uchache wa madaktari wa kwetu, ni kweli kuwa ni wachache, na twawataka wengi. Lakini mgonjwa hatibiwi na nasaba. Akiwa mtoto wetu ndiye atakayewatibu watu wetu, basi mwili utakaoangukiwa na kosa lake ni wa mama zetu na wake zetu kwanza. Aupendaye mji wake hautakii tabibu wa jina.

Usiku wa tatu tulimwandikia hivi: “Mwambie mwenzio maneno haya. ‘Siwezi kungojea mtihani, kwa sababu wagonjwa hawangojei. Nakupa siku tatu, nami nitakwenda pamoja nawe. Ukienda kwa mguu wako umekiri; nikienda peke yangu nimekushitaki. Mgonjwa atalindwa kwa njia zote mbili, lakini wewe utapata kheri katika moja tu. Na utakapokwenda, mtaje na yule mama wa miezi minane, ili karatasi yake isemwe kweli.’ Kisha kaa naye siku hizo tatu. Usimwache peke yake, ule naye na usali naye, asije akadhani kuwa umemtupa.”

Walikwenda siku ya pili. Twajua hilo, na twajua jambo jingine moja, ambalo mwenyewe aliruhusu tuambiwe: kwamba masikio yake yamepimwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Walimu wameamua nini juu ya nambari alizoziandika, hatukuuliza, wala kijana wetu hakutueleza. Na vizuri alivyofanya. Jambo limefika kwa wenyewe, na tangu hapo sitara imerudi mahali pake.

Basi ikitokea, katika mtaa wowote wa pwani hii, kijana akarudi na shahada yake mwaka mmoja nyuma ya wenziwe, msimuulize mamake sababu. Nunueni mahamri yake kama mlivyokuwa mkinunua, mumwombee mwanawe dua. Na siku atakapokufungeni kitambaa mkononi, akaupima mkono mara mbili, akaita mwenziwe aupime mara ya tatu, msione uvivu kungoja.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.